Mtawa Aliyeweza Kusimamisha Moyo

Dadu ya ludo hugonga mara moja na kutulia. Ile ya kaka Faraja ilikuwa na pande ishirini, na ikirushwa kwenye sinia la bati iliviringika na kunguruma kwa muda, kama haitaki kutoa jibu. Sauti hiyo ndiyo ninayoisikia kila nikikumbuka likizo ya katikati ya mwaka, nilipokuwa darasa la sita. Tulikuwa tukiishi karibu na Chimwaga, kwenye nyumba ya kupanga yenye baraza la saruji lililoelekea upepo. Kipupwe cha Dodoma hakina huruma. Asubuhi baridi inauma vidole vya miguu, mchana vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria ya maharage, midomo inapasuka, na nguo zilizoanikwa zinakauka zikiwa ngumu kama mbao. Tulikaa kwenye baraza hilo tumejifunga khanga za Mama mabegani, tukipigana na mazimwi.

Faraja ndiye mtoto wa kwanza nyumbani kwetu, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo pale juu kilimani. Mchezo ule aliufahamu kwa wenzake wa hosteli, akatuletea pamoja na kurasa za sheria alizotoa fotokopi. Hauna ubao wala karata. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi na kusema anachotaka kufanya, kisha dadu inaamua kama amefaulu. Faraja alikuwa msimuliaji. Halima, binti wa jirani na rafiki yangu wa darasani, alikuwa mpiga upinde. Mimi nilikuwa mtawa, mtu wa sala na mazoezi, asiyevaa chuma wala kushika upanga, anayepigana kwa mikono mitupu. Nilimpenda kwa utulivu wake. Mimi sikuwa mtulivu hata kidogo, nilikuwa mtoto wa kuota ndoto mbaya na kutafuna kucha.

Na likizo ile nilikuwa na sababu ya kuzitafuna. Mama, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali, alikuwa ameanza kuhema. Akitoka dukani alisimama katikati ya njia akijifanya anafunga vizuri khanga yake, kumbe anatafuta pumzi. Miguu yake ilivimba hadi viatu vya kazini vikamkataa. Alilala ameegemea mito mitatu, na ukimwuliza anasema ni uchovu. Mama Halima, mwenyeji wa Chemba, mwanamke ambaye akiongea na dada zake kwa simu ulimi wake uligonga vidoko vya lugha yao mpaka sisi watoto tukajaribu kumwiga, alimwambia mbele yangu, "Mama Faraja, nenda hospitali. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alisema kwa upendo, lakini mimi niliyesikia nilibaki na nusu ya pili ya methali ile. Nilienda nayo shuleni zamu ya likizo kuchota maji ya bustani, nikarudi nayo, nikalala nayo.

Mama akaenda hospitali, akarudi na bahasha kubwa, na watu wazima wakaanza kuongea chini chini. Sisi tukaambiwa twende tukacheze. Tukacheza. Katika siku hizo mtawa wangu alipanda ngazi nyingi za mchezo, na asubuhi moja Faraja akasoma kwenye kurasa zake uwezo mpya niliostahili. Tuliuita Mguso wa Kimya. Mtawa akimgusa adui, anaacha mtetemo mdogo ndani ya mwili wake. Adui haoni wala hasikii kitu. Anaweza kwenda zake, akala, akalala, siku zikapita. Kisha mtawa, popote alipo katika nchi ile, akitaka tu, ule mtetemo unausimamisha moyo. Adui ana nafasi moja ya kurusha dadu ajiokoe. Asipofaulu, amekufa, hata angekuwa zimwi kubwa kuliko nyumba.

Halima aliweka chini kikombe chake cha uji. "Huo si uwezo," alisema. "Huo ni mwisho wa mchezo. Sasa mimi na mishale yangu nakuja kufanya nini? Kushika taa?"

Faraja alikuwa mtu wa haki, na kwa kuwa alisomea hesabu alipenda jambo lipimwe kabla halijahukumiwa. Akasema hatautoa uwezo huo wala hataupitisha mpaka tuujaribu. Basi siku kadhaa tuliacha hadithi yenyewe, tukawa tunarudia pambano lilelile dhidi ya mfalme wa mazimwi, mara mtawa akiwa na Mguso, mara bila. Tuligundua mambo. Kwanza, ni lazima umfikie adui umguse, na huyo mfalme hakufikika kirahisi, ilibidi Halima awaangushe walinzi wake kwa mishale. Pili, uwezo ulimla mtawa nguvu karibu zote, akabaki mnyonge. Tatu, mfalme alijiokoa mara nyingi kuliko tulivyodhani. Halima akaanza kulegea. Hata hivyo siku ya mwisho alisema neno lililo nje ya hesabu. "Ukipoteza damu nyingi unaweza kutibiwa. Moyo ukisimama, nani atautibu?"

Jioni ya siku hiyohiyo niliagizwa kuleta mkaa kutoka nyuma ya jikoni. Baba na Faraja walikuwa wamesimama upande wa pili wa ukuta. Nikamsikia Baba akisema, kwa sauti ya mtu anayerudia maneno ya daktari ili ayazoee, "Mlango mmoja wa moyo haufungi vizuri. Wataweka mwingine. Ila ili wauweke, itabidi wausimamishe moyo wenyewe, mashine ipige badala yake." Faraja akauliza kitu. Baba akajibu, "Wanasema utarudi kupiga."

Kesho yake tulicheza pambano la kweli, lile lililokuwa liamue hukumu. Halima alipiga mishale vizuri ajabu. Mtawa wangu akapenya, akamgusa mfalme wa mazimwi kifuani. Faraja akaniangalia. "Nuru, sema."

Sikusema. Mfalme akampiga mtawa, nikarusha dadu, nikaumia. Zamu ikarudi kwangu. Sikusema tena. Halima akanisukuma bega, "We vipi? Tutakufa wote hapa."

"Kaka," nikauliza, "sheria inasema unaurudishaje?"

"Unarudisha nini?"

"Moyo. Ukishausimamisha."

Faraja alishusha kurasa taratibu. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba nilikuwa nyuma ya ukuta. Hakunikemea. Alizipitia kurasa kwa kidole, mstari kwa mstari, kana kwamba jibu lingeweza kuwemo, akasema, "Mtawa anaweza kuuondoa mtetemo kabla hajautumia, adui asidhurike. Lakini akishausimamisha, hapa hapajaandikwa namna ya kuurudisha." Halima alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine. Nikamwuliza kaka yangu kama Mama atarudi. Wengine wangesema ndiyo. Yeye alisema, "Sijui, Nuru. Madaktari wanajua kuurudisha. Wamefanya kwa wengine. Mimi nimeshikilia hilo, na wewe shikilia hilo." Halima akanyanyuka akaenda kwao bila kuaga. Baada ya muda mama yake akaja, akaketi karibu nami barazani, akanipa kisahani cha karanga, na hakusema methali yoyote.

Siku ya upasuaji tulikaa nje ya jengo la hospitali tangu jua halijachomoza vizuri. Baba alinunua chai na hakuinywa. Kila mlango ulipofunguliwa sote tulisimama, kisha tukaketi tukiwa tumeaibika. Nilijaribu kuwaza kama mtawa, kupumua polepole, kuutuliza mwili, na sikuweza. Niliwaza kitu kimoja tu: sasa hivi, humo ndani, moyo wa Mama umesimama, na jua linaendelea kupanda, na yule muuza vocha anacheka na mteja. Alasiri muuguzi akatoka, akaita jina la Mama. Baba alikwenda na Faraja. Walipogeuka, Faraja alikuwa akilia, na mimi nilichelewa kutambua kwamba alikuwa akilia huku akinipungia mkono nije. Moyo ulikuwa umekubali kupiga.

Siku hizi nafanya kazi ofisini mjini, na Jumamosi mchana tunacheza mchezo uleule na wenzangu, kwenye meza nzuri, dadu za rangi, sheria ziko kwenye simu. Katika sheria mpya uwezo ule umepunguzwa makali. Adui hafi tena papo hapo, anapoteza afya nyingi tu. Mwenzangu mmoja alipiga hesabu ya wastani, akatangaza kwamba sasa uko sawa na uwezo wa wengine. Nilikubali, maana hesabu yake ni sahihi. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na hofu moja kubwa iliyoamuliwa kwa siku moja. Niliyonayo sasa ni ndogo, lakini haina siku ya kuamuliwa. Mama anaishi Chamwino, amestaafu, anafuga kuku. Anameza vidonge vya kuzuia damu kuganda kila siku, na mlango aliowekewa ni wa chuma, hivyo chumba kikiwa kimya unausikia ukigonga kifuani mwake, tik, tik, kama saa ndogo. Nikimtembelea naongea naye huku sikio langu liko huko. Likipita lori nje na ile tik, tik ikazama, naacha sentensi katikati, nasubiri lori liende.

"Unasikiliza tena," Mama ananiambia.

"Hapana, Mama."

"Kula, chakula kinapoa."

Nami nachukua kijiko, lakini sianzi kula mpaka lori limalize kupita.