Jicho la Mbwa na Karatasi ya Chef

Juzi, katika ofisi ya mifugo hapa Likasi, nilimkuta mama amemkumbatia mbwa wa kampuni ambako mumewe ni mlinzi. Kioo cha jicho la mbwa kilikuwa na kidonda kisichopona wiki ya sita sasa. Karani hakuinua hata uso.

“Bon ya chef iko wapi?”

“Chef haiko, baba. Tangu mishahara ilikatika, haonekane.”

“Bila bon, hapana.”

“Jicho inaoza, weye unaniomba karatasi!”

Mara tatu amerudishwa hivyo, kwa kukosa hati yenye sahihi ya mkuu wa kampuni asiyekuja kazini!

Kelele zilimtoa daktari mzee chumba cha nyuma. Akatia matone ya ganzi, akachukua pamba kavu, akasugua kingo za kidonda taratibu. Utando mweupe ukabanduka. Dakika mbili tu.

“Hii ngozi ilikufa zamani,” alituambia, “lakini inakatala kutoka. Ngozi mupya itashika wapi?”

Karani akafungua daftari. “Sasa bon iko wapi?”

Pamba ilikuwa bado mkononi mwa daktari. Nilitamani aigeukie na meza ya karani, aisugue vilevile.