Pedi za Golikipa Nilizozivaa Mimi Kwanza

Mume wangu alikuwa golikipa wa mpira wa magongo, timu ya shamba la mkonge kule chini ya Same, enzi za Mwingereza. Nasema golikipa, lakini wiki ile nafasi ilikuwa inamponyoka. Alinunua pedi za miguuni za bei ya chini kuliko zote dukani, ngumu kama mlango. Akizivaa anatembea kama bata aliyeshiba. Kapteni wao, karani wa shamba, akamwambia wazi: "Jumamosi usipoweza kuchuchumaa, namweka mwingine."

Alirudi nyumbani amenuna. Nikamwambia, "Lete hapa. Ngozi ni ngozi."

Kwetu Chome, juu milimani, ngozi ya mbuzi ya kubebea mtoto hailainiki kwa maombi. Inapakwa mafuta, inakunjwa, inakanyagwa, inavaliwa. Shule niliishia darasa la pili, ila hilo nalijua. Nikafumua mishono. Ndani kumejaa maranda ya mbao yaliyoshikamana kama tofali. Nikayamwaga, nikajaza makapi ya mkonge, maana pale shambani yalikuwa ya bure, nikashona, nikapaka mafuta ya nyonyo. Usawa wa goti nilikata kabisa, nikaunga kipande cha ngozi laini ili pakunjike.

Kisha nikazivaa mwenyewe, khanga juu, nikaondoka alfajiri kupanda kwetu kumsalimia mama. Mlima ule goti litakunjika tu, upende usipende.

Njiani nikakutana na wanawake wanashuka na ndizi. Mmoja akasema, "Dada, miguu imevimba hivyo, hospitali iko chini, wewe unapanda!"

"Imenenepa kwa mapenzi ya mume," nikamjibu. Walicheka mpaka mikungu ikayumba kichwani.

Kabla sijafika, miguu ikaanza kuwasha. Makapi yalikuwa mabichi, na maji ya mkonge yakikugusa utajuta. Mtu wa milimani mimi, ningejuaje? Nilifika najikuna kama mbwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, umeolewa na nyuki?"

Alinicheka mpaka akakaa chini, halafu akanisaidia kufumua. Tukayatoa makapi, tukapangusa ndani, tukajaza magome makavu ya mgomba, yale tunayosokotea kata za kubebea mizigo kichwani. Hayo hayawashi, na yanafuata umbo la mguu. Kesho yake nikateremka nimezivaa mpaka nyumbani, magoti yanakunjika vizuri kabisa.

Jumamosi nilisimama kando ya uwanja. Sheria za mchezo sikujua hata moja. Mpira ukaja chini chini, mume wangu akachuchumaa, puu! Ukamgonga mguuni ukafia hapo hapo. Ukaja mwingine, na mwingine. Mmoja ulipita, sitadanganya.

Mchezo ulipokwisha kapteni akampiga begani: "Nafasi ni yako." Mume wangu akaanza kuwaeleza wenzake jinsi alivyojifua. Nikapenya katikati yao, nikainama miguuni pake.

"Simama sawa," nikamwambia. "Mshono umeachia hapa. Nikimaliza utaendelea kujisifu."