Maktaba Isiyo na Uani

Ramani ya jengo ni kitu kigumu kusoma, na si aibu kutoielewa. Mimi mwenyewe nilikaa chuoni muda mrefu kabla mistari haijaanza kuinuka mbele ya macho yangu ikawa kuta. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kubuni maktaba ya umma pale Kibiti, sikutaka kuwabandikia wakazi karatasi na kuwauliza wanaionaje. Wangesema nzuri, kwa adabu tu.

Nikaomba kwenye mashine ya kukoboa viroba vya pumba za mpunga. Alfajiri, umande ungali chini na pumba zikishika vizuri, nilipima kwa futi kamba na kuichora maktaba nzima kiwanjani, kwa ukubwa wake halisi. Mstari ni ukuta, pengo ni mlango. Hapa rafu, hapa kompyuta, hapa ukumbi wa mikutano na mafunzo ya wakulima. Mbele kabisa nikaweka baraza pana, fahari yangu. Wazee watasoma magazeti, watacheza bao, na hata asiyejua kusoma atakuwa na sababu ya kuja.

Watu walipofika, wanaume walikwenda moja kwa moja barazani, wakaketi chini ndani ya mistari na kuanza kubishana juu ya mpira. Nilifurahi sana. Kisha nikaona wanawake wamesimama ng'ambo ya barabara, hawasogei.

Nikawafuata. Mbele yao alikuwapo mama mmoja mtu mzima, ambaye nyuma ya nyumba yake ndiko lilikokuwa darasa la kisomo cha watu wazima. Darasa hilo lilikuwa lihamie maktaba.

"Shikamoo mama. Mbona hamwingii?"

"Marahaba mwanangu. Tuingilie wapi?"

Nikamwonyesha pengo katikati ya baraza.

"Nipite mbele ya wanaume wote wale, na daftari mkononi? Kila siku waniulize nimefika herufi gani?" Akatikisa kichwa. "Basi mimi kusoma kwangu kumeishia hapa."

Na alikuwa na haja ya kusoma. Binti yake ameolewa Salale, ndani kwenye mikoko, ambako simu hukatika katikati ya neno, kwa hiyo binti huandika ujumbe. Mama humpa jirani simu amsomee. "Akisoma yeye," aliniambia, "mtaa mzima umeshasikia."

Halafu akakiangalia kiwanja changu kwa huruma. "Nyumba yako haina uani, mwanangu."

Kwa asiyezijua nyumba zetu: barazani ni kwa wanaume na wageni, uani, nyuma, ndiko wanawake wanakopika, wanakozungumza na wanakofundishana, na kuna mlango wake wa pembeni. Mimi nimelelewa uani. Herufi zangu za kwanza nilizichora huko, kwa kijiti, mama akikuna nazi. Nilikuwa nimelisahau lile eneo lililonifanya niweze kuchora.

"Basi nionyeshe," nikasema, nikampa kiroba.

Akachota pumba kwa kiganja, akazimwaga taratibu kama anayesia mpunga. Akafuta kipande cha ukuta wa upande wa kichochoroni, pakawa mlango. Akachora ua nyuma ya rafu zangu. Mwenzake akaongeza bomba la maji. Mwingine akaweka mahali pa kulaza watoto wachanga, mwingine pa kuchemshia chai.

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka barazani: "Mnajenga maktaba au jiko?"

"Babu we! Chai unayokunywa hapo barazani hushuka mbinguni?" akajibu yule wa chai.

Baraza zima likacheka, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote.

Mwalimu wao wa kisomo alikuwa amekuja kutazama tu. Wale wanawake wakamuuliza kwa nini asifundishe, maadamu darasa lipo. Wakazunguka hadi kichochoroni, mmoja mmoja, wakaingilia lile pengo. Pumba hazikufika hata kwenye vifundo vya miguu, lakini hakuna aliyeruka mstari. Wakavua kanga za mabegani, wakazitandika, wakakaa. Yule mama akafungua daftari, akaanza kuunganisha silabi kwa sauti, na barazani hakuna aliyegeuka kumtazama.

Nimesimamia majengo mengi yakipanda kwa saruji na nondo, lakini sikuwahi kuona ukuta ukisimama namna ile, kwa heshima tupu ya watu.

Nilitaka kumuuliza mama upana wa ule mlango ili niuandike kwenye ramani mpya. Nikakata kona hadi kichochoroni, futi kamba mkononi, nikafika kwenye mstari na miguu ikagoma.

"Hodi," nikaita.

Akasoma silabi yake mpaka mwisho, ndipo akainua uso.

"Subiri kidogo, mwanangu. Tunasoma."

Nikasubiri nje, juani.