Majogoo Wasiowika wa Ngagara

Kuna wakati, wa vita, niliamini kwa moyo wangu wote na tumbo langu lote, kwamba jirani yangu wa mtaa wa Ngagara amevumbua dawa ya kuwaondolea wanaume uanaume, na kwamba itamwagwa katika maji ya bomba ya mji mzima, wapiganaji wa pande zote walainike, tuamke Jumapili sote tuna matiti na amani. Nilikunywa maji ya mvua msimu mzima. Juma lililopita jirani huyo tulimzika. Moyo ulimsimama akiwa mezani, kalamu mkononi.

Ushahidi wangu ulikuwa uani kwake: majogoo wanene kuliko mbuzi, na hawawiki. Alikuwa mkemia wa dawa, mtu wa homoni, aliyesomea Ulaya. Sisi tulimwita Muganga ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Barabara ya kwenda maabara ilipokuwa ya hatari, akawahamishia majogoo wake nyumbani. Alikuwa amewahasi mwenyewe. Kila asubuhi nilimchungulia juu ya ukuta: anampakata jogoo kama kichanga, anampaka majimaji ya majani kwenye kile kilemba chekundu cha kichwani, anakipima kwa rula ya shule, anaandika daftarini. Nami niwaambie ukweli, wasomaji wangu, nilimwonea wivu mpaka ile rula. Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku, ambayo kwa sababu ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku, tuliisoma saa nane mchana. Cheti changu nimekiwekea kioo na msumari wa inchi sita. Shahada zake yeye zilikaa kabatini, chini ya gunia la pumba.

Asubuhi moja risasi zilikuwa zikilia milimani tangu alfajiri, mtaa mzima umenyamaza, mara Muganga akatokeza kichwa ukutani.

“Jirani! Umesikia?”

“Bunduki? Mi si kiziwi.”

“Apana, jogoo! Ule mwekundu amewika!”

“Kwangu wanawika kila siku, bila diplome.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Basi wa kwako wamenishinda!” Hilo ndilo lililonichukiza zaidi: unamchoma mtu, naye anacheka. Nikajiambia dawa imemponyoka, jogoo mmoja ameokoka.

Lakini kilichoniuma hasa ni habari ya mke wangu. Hatukujaliwa mtoto, na mtaa mzima ulijua kasoro ni yake, maana mimi ndiye niliyewaambia. Akaanza kwenda kwa Muganga na sahani ya sombe, yaani kisamvu, anarudi macho mekundu.

“Unafwata nini kwa ule mutu?”

“Chumvi.”

“Chumvi ya saa nzima? Kwani inachimbwa kule?”

Akaenda kuosha sahani. Tangu siku hiyo sikumsalimu tena Muganga. Akiinua mkono, mimi natazama mawingu kama mtu wa hali ya hewa. Akaendelea kuuinua, miaka yote, mpaka mwisho.

Nimeyawaza haya nikiwa kilioni kwake. Katika mji wetu watu wamehama mitaa, wengine wamechomewa nyumba, kwa maneno ambayo hayakuwa na mwenyewe. Uvumi wangu haukumwua mtu, ila ulininyima jirani. Na nisiwadanganye, sikuuamini kwa hofu. Niliuamini kwa sababu ulimpunguza mtu aliyenizidi. Mlango wake ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Ningebisha hodi nikauliza, yangekwisha kabla chai haijapoa. Nawaombeni, mbishe hodi.

Maana pale pale kilioni, mke wangu alipolia kuliko mjane wa Muganga, wivu ulinipanda upya, nikamwonea wivu hata marehemu. Tulipofika nyumbani nikafunga mlango.

“Sasa useme. Ule mutu alikuwa anakupa nini?”

Akakaa, akavua viatu vya mazishi kimoja kimoja.

“Hakunipa kitu, mzee. Wale majogoo hawakuwa na homoni ya kiume, ndiyo maana hawakuwika. Yeye hakuwa anaiondoa kwa watu; alikuwa anatafuta majani ya kuirudisha. Nilienda kumuomba dawa ya kukupa we. Akakataa. Akasema ile bado ni ya jogoo, hawezi kumupa mutu. Eti nikupeleke kwanza upimwe hospitali. Na mi ningekuambia aje, we ulikuwa unakunywa maji ya mvua?”