Bi Gundi na Ukurasa Ulioibwa

Wenzake kazini walimwita Bi Gundi, jina ambalo hakuwahi kulipenda. Miaka ishirini na miwili alikuwa akishona vitabu vilivyochanika katika chumba cha nyuma cha maktaba, na kati ya vyote kimoja kilimchosha roho: hadithi ya zamani ya mama aliyekwenda kwa miguu, mji hadi mji, kumtafuta mwanawe aliyemkana. Kila baada ya miezi michache kilirudi mezani kwake mgongo umeachia, pembe zimekunjika, na ukurasa wa mia na kumi na nne haupo. Mara tatu aliunakili upya kwa mkono kutoka nakala iliyofungiwa kabatini, neno kwa neno, bila kufuata maana, akili yake ikiwa kwenye rundo la kazi. Mara tatu ukaibwa, naye akaunakili mara ya nne. Vitabu vipya navyo vilikaa rafuni kama wageni wasiokaribishwa.

Hadithi ile ilipotengenezewa filamu, Bi Gundi alishusha pumzi. Alimwambia mkuu wake kwamba sasa kitabu kipumzishwe. Aliyeona kwa macho atasoma ya nini? Mkuu akasema wangoje kwanza. Wiki iliyofuata watu kumi na wawili waliandikisha majina kukingoja.

Asubuhi moja, akipita chumba cha kusomea, akamkuta fundi wa kuchomelea vyuma ameshauchana ukurasa ule hadi nusu. Akamshika mkono.

“Baba mzima, huoni haya?”

Fundi hakubisha. Alisema ameiona filamu, nayo imemdanganya.

“Kule wamemfanya kijana aombe radhi, dada. Humu hasemi kitu, anampokea mama yake mzigo tu. Mtu kama yule haombi radhi. Namjua. Nilikuwa hivyo hivyo.”

“Na mama yako?”

“Alishatangulia.”

Bi Gundi alivuta kiti. Akamwamuru akae. Akachukua kalamu, akamnakilia ukurasa mzima huku akinung'unika, akamkabidhi na kumwonyesha mlango. Ule uliochanika akaubandika. Ukakaa upande.

Jioni alikwenda na kitabu kile nyumbani, akakianza mwanzo. Mumewe alimwita mezani mara mbili, kisha akaja kuuliza kulikoni.

“Niache, mume wangu. Huyu mtoto ananikera.”

Chakula kikapoa. Alimkasirikia yule kijana, akamkasirikia mwandishi kwa kumnyima hata neno moja la kusema, halafu akajikasirikia mwenyewe. Mikono yake ilikijua kitabu kile kila uzi, yeye hakukijua.

Kesho yake mkuu alimuuliza kama bado anataka kiondolewe.

“Hapana,” alijibu kwa mkato. “Na usiniulize tena.”

Akakirudisha kaunta, akamwita mtu wa kwanza kwenye orodha.