Tulipomzuilia Mzee Lameck Kiti

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hadi leo. Nilikuwa kijana hapa Toronto, na televisheni ilikuwa haiishi habari za Wamarekani kuzuiliana majaji: chama hiki kikileta jina, kile kinalikalia. Nikasema, ahaa, kumbe ndivyo mambo yanavyofanywa!

Chama chetu cha watu wa nyumbani kilikuwa na wazee watatu wa kuamua magomvi. Mmoja akafariki, mwenyekiti akampendekeza Mzee Lameck. Sasa mwenyekiti alikuwa wa kambi ile, mimi wa kambi hii. Mkutano ukifika kwenye jina hilo, nawakonyeza wenzangu, tunatoka nje, akidi inavunjika, kura haipigwi. Nikiulizwa najibu, "Haraka haraka haina baraka." Ujana huo!

Wakati huohuo Mama Neema wa mtaa wa Lawrence Heights alikuwa amefiwa na mumewe. Mashemeji wanataka maiti isafirishwe Mbeya, yeye anataka marehemu azikwe hapa, watoto wapate kaburi la kulizuru. Walikubaliana wazee waamue, lakini wale wawili waliobaki waligawanyika, huyu huku, yule kule. Wiki ya tatu, marehemu bado yuko mochwari.

Mkutano wa tatu, katika ukumbi wa chini kanisani, nikaanza kuinuka kama kawaida yangu. Mama Neema akaniambia mbele za watu, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka. Na tumbo linaloumia ni langu." Nikajifanya sikusikia.

Ndipo Mzee Lameck akasimama. "Keti, baba. Jina langu nimeliondoa. Leteni mtu wenu, kura yangu mnayo. Huyu mama amzike mumewe."

Mzee wa watu, tuliyemsema wiki zote zile, hakuwa na kinyongo hata chembe. Nikaketi. Tukamchagua mtu wetu, naye siku ileile akaamua Mama Neema apewe haki yake.

Makaburini, kule Pickering, nje kidogo ya Toronto, nilimfuata Mzee Lameck nikamuuliza yeye angeamuaje.

"Hivyohivyo," akasema, akainama kuchukua koleo.

Nililia, mwanangu, sikufichi. Kumkataa mtu si kosa. Mkatae waziwazi, kwa kura yako, kazi iendelee. Lakini usiizuie haki ili tu mwenzako asipate cheo, maana wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Mungu akukuze, akupe moyo mpana kama wa yule mzee, na siku utakayohitaji kuamuliwa jambo lako, usikute kiti kitupu.