Mama Mayai na Kiti cha Bure cha Kebini

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Anayetilia shaka na aende Lodwar, apande lori lolote la Kakuma, aketi juu ya magunia, kisha arudi abishane ikiwa mgongo wake bado uko mahali pake.

Saa kumi na mbili asubuhi, jua la Lodwar limeshaingia mjini bila kubisha hodi. Malori saba ya chakula cha msaada yamejipanga foleni yakiwasubiri askari wa kusindikiza msafara. Ubavuni mwa lori la tatu amesimama mwanamke mrefu, shanga zimejaa shingoni, akala za tairi miguuni, na tre kumi za mayai zimemzunguka kama watoto wake.

Huyo ni Atiir. Watu wa stendi wanamwita Mama Mayai. Mwaka huu wa 1996 ni wa tatu tangu aanze kupeleka mayai katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na safari zote hizo amezifanya juu ya magunia.

"Huko juu ni jiko," anasema huku akikaza kamba ya katani. "Unapakia mayai hapa, ukifika Kakuma unashusha vifaranga."

Hataki makuu. Anataka kiti kimoja tu, kile cha katikati ndani ya kebini.

Kebini ya lori ina viti vitatu: cha dereva, cha askari dirishani, na hicho cha katikati. Kwenye malori mengine kinauzwa mara mbili ya nauli ya juu. Lakini Ekal, dereva wa lori la tatu, hakiuzi. Anakitoa bure, tena kwa mtu mmoja tu: yule atakayempigia hadithi asisinzie.

"Mimi natoka Kitale na usingizi wangu begani," anaeleza Ekal, mwanamume mnene mwenye macho mekundu. "Barabara imenyooka, joto linakubembeleza. Bila mtu wa kuongea, nitaamkia mbinguni."

Basi kila asubuhi ya msafara pale stendi kuna mashindano. Mhubiri anakuja na miujiza yake. Muuza tumbaku wa Kalemng'orok anakuja na visa vya wake za watu. Wanaoomba hawapungui ishirini na anayepata ni mmoja. Kwa mwanamke nafasi ni ndogo zaidi, maana Ekal huwaambia akina mama wapande juu wakapunge upepo.

Atiir alizaliwa Nakalale, katika boma la mbuzi wengi. Ukame ulipowamaliza mbuzi, mumewe aliwafuata ngamia wa watu upande wa Lokori, na mpaka leo hajarudi yeye, ngamia wala habari. Atiir akashuka Lodwar na watoto wanne. Akafua nguo za watu, akabeba maji, akauza makaa. Siku moja akasikia kwamba wakimbizi wa Kakuma wanatafuta mayai kwa tochi.

"Nikasema, kama ni mayai tu, nitapeleka hata kwa meno."

Mteja wake mkubwa ni Agot, mwanamke wa Kidinka kutoka kusini mwa Sudan, mwenye hoteli ya chai ya mabati na maturubai pale kambini. Tre kumi zikifika salama, Atiir anabaki na faida ya kama shilingi mia tatu. Nauli ya kebini ingemeza nusu.

Lakini wiki iliyotangulia safari hii, thuluthi nzima ya mayai ilifika imekuwa uji. Agot alizitazama tre, akatikisa kichwa.

"Malesh, ya Atiir," alimwambia, yaani pole, ewe Atiir. "Wateja wangu hawali maganda. Yakija hivi tena, nitanunua kwa yule tajiri mwenye Land Rover."

Kwa hiyo asubuhi hii Atiir hapandi juu. Anakwenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva.

"Ejok, Ekal."

"Ejok-nooi, Mama Mayai. Panda, tunaondoka."

"Leo sipandi huko. Leo nakaa hapo katikati."

"Una hadithi?"

"Niko na mayai."

Stendi nzima inacheka. Ekal naye anacheka mpaka anashika usukani.

"Mayai haiwezi kuniamsha, mama."

"Na mimi si redio ya kukuimbia. Hii kiti unatoa bure. Kama ni ya bure, patia mwenye shida, si mwenye mdomo!"

"Unanipangia lori yangu?"

"Yako tangu lini? Lori ni ya tajiri wako. Wewe umeachiwa usukani tu, na hata huo unaushika ukiwa umelala!"

Watu wanapiga miluzi. Ekal amenuna. Hapo ndipo anapojitokeza mzee mmoja mwenye kofia ya kaki, mstaafu wa idara ya maji. Anakohoa, kisha anaanza kisa cha upepo wa Lodwar uliomnyanyua punda na mapipa yake mawili ya maji, ukampeleka mpaka Lokori, punda akatua bila kumwaga tone. Anaapa kwamba yeye ndiye aliyetumwa kumrudisha.

Ekal anapiga makofi. "Mzee, ingia!"

"Huyo atakulaza," anasema Atiir. "Hata huyo punda wake alilala hewani."

Mzee anachungulia juu ya bega la Ekal, kiburi kimempanda. "Mama, dereva huyu akisinzia hata mara moja, mimi nitapanda juu na wewe utaketi hapa."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Mmesikia wote!" Atiir anawageukia watu wa stendi, kisha anapanda juu ya magunia.

Alikaa mbele kabisa, nyuma tu ya bati la kebini, miguu ameitandaza kuzizunguka tre. Kila shimo lilipokuja aliinua tre ya juu kwa mikono miwili, lori likatua, naye akaiteremsha polepole. Mwendo wa kama saa moja hivi, akaona kitu kisichomfurahisha. Lori la pili lilikuwa mbele upande wa kulia. Lao lilikuwa linaelekea kushoto, polepole, kama ng'ombe aliyeona majani. Mbele yake hakukuwa na lami tena. Kulikuwa na mchanga, ngamia wanne na korongo.

Atiir alivua akala mguuni na kuanza kulipiga bati.

"Ekal! Wewe Ekal! Amka, unatuua!"

Lori likayumba, ngamia wakatawanyika, magurudumu ya mbele yakachimba mchanga na kusimama hatua chache kutoka ukingo wa korongo. Atiir aliteremka bila kumngoja mtu na kufungua mlango. Askari alikuwa amelala, bunduki katikati ya magoti. Ekal alikuwa anajifuta mate. Mzee wa kofia ya kaki alikuwa bado anasimulia. Punda alikuwa ndiyo kwanza anapita juu ya Kalemng'orok.

"Nani amesinzia?" aliuliza Atiir.

"Nilifumba macho nifikirie," alisema Ekal.

"Umefikiria mpaka ukakoroma? Mzee, toka!"

Mzee alitaka kujitetea kwamba ule ulikuwa usingizi wa kufurahia hadithi. Abiria wa juu wakamzomea. Akatoka, akapanda, na tre nne akakabidhiwa yeye. Sita ziliingia kebini pamoja na mwenyewe, nyingine mapajani, nyingine miguuni pa askari. Ekal akalirudisha lori nyuma mpaka likapanda lami.

Atiir hakusimulia chochote. Aligomba. Aligomba kuhusu gea zinavyolia, mashimo ambayo Ekal aliyaona na kuyapitia makusudi, harufu ya soksi zake, na miaka mitatu ya kuwapandisha wanawake juani. Ekal naye akajibu kwa sauti. Akamwita mchokozi. Akaitwa gogo. Mpaka minara ya maji ya Kakuma inaonekana, dereva alikuwa macho kuliko siku aliyozaliwa, na askari aliyetaka kurudi usingizini alikuwa ameshika kichwa.

Hotelini, Agot alifungua tre moja moja. Zile sita za kebini zilikuwa nzima, hakuna hata ufa. Katika zile nne za juu yalivunjika mayai mawili tu, tena kwa sababu ya shimo moja kubwa ambalo hata ndege asingelikwepa.

"Sasa haya ni mayai," alisema Agot. "Wiki ijayo lete tre kumi na mbili. Mwenye Land Rover aende zake."

Ekal, akinywa chai pembeni, alikiri kwa shingo upande. "Hadithi inanibembeleza. Huyu mama ananitukana, na mimi nikikasirika siwezi kulala. Kiti ni yake."

Atiir hakumshukuru. "Asiseme amenipa. Nimekichukua mwenyewe," anasema. "Na sijamaliza. Kuna mama wa nyanya, kuna wajawazito, kuna wagonjwa wanaotoka hospitali, wote wanaungulia juu wakati mwanamume mzima anastarehe ndani kwa sababu anajua kusema uongo. Malori ni saba. Nimeanza na moja. Hao madereva sita wengine wajiandae, mdomo ninao."

Makala haya yalisomwa mbele yake hotelini kwa Agot kabla hayajapelekwa gazetini. Atiir alisikiliza akipuliza chai yake. Msomaji alipofika kwenye tre nne za juu, Atiir alinyanyua mkono.

"Rudia hapo."

"Yalivunjika mayai mawili tu, tena kwa sababu ya shimo moja kubwa…"

"Yalikuwa matano. Na shimo halikugusa yai. Wewe mwenyewe uliyakalia, ukikimbilia hiyo kofia yako ya kaki iliyopeperuka!"

Agot aliangua kicheko, akashika meza. "Ya mzee, suruali bado ina ushahidi!"

Hapo mwandishi hakuwa na pa kujificha, maana kofia ilikuwa kichwani mwake. Aliingiza mkono mfukoni na kuweka mezani bei ya mayai matano. Atiir aliizoa na kuifunga kwenye upindo wa shuka yake.

"Sasa shika kalamu," akasema. "Andika vizuri."

Ni matano. Yamelipwa.